Kuingia ni Bure, Njia ni Ghali

Jioni moja, baada ya Rozari, kijana anayeshughulikia vipaza sauti vya parokia yetu alikuja kuketi kando yangu. Kwa miaka miwili alikuwa amejifunza peke yake kuandika programu za kompyuta. Alikuwa amegundua kosa katika programu inayotumiwa na watu wengi, akalisahihisha, akatuma kazi yake kwa watu asiowajua, nao wakaipokea kwa furaha. Zaidi ya hayo, walimwalika Ulaya ili aeleze kazi hiyo katika mkutano wao. Alikusanya hati, ndugu wakachanga fedha, akaomba viza. Ikakataliwa.

Nilimwambia, “Pole, mwanangu. Lakini si ulisema mkutano huo haudai kiingilio?”

Akajibu, “Ndiyo, Mwalimu. Kuingia ni bure. Njia ndiyo ghali.”

Neno hilo halikuniacha. Nililipeleka kitandani, nikaamka nalo.

Wapendwa vijana, wengi wenu mnatumia programu huria bila kujua. Ni programu ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzisoma jinsi zilivyoandikwa, kuzirekebisha na kuwagawia wengine. Debian, mfumo wa kuendeshea kompyuta, umejengwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi tangu mwaka 1993. Watu hao hufanya kazi wakiwa mbali, wakiandikiana usiku na mchana. Hata hivyo, hupenda kukutana. Kila mwaka, karibu na mwanzo wa Februari, maelfu yao hukusanyika Brussels, katika chuo kikuu cha ULB, kwa mkutano uitwao FOSDEM. Hakuna kiingilio, hakuna hata kujiandikisha, na wanaouandaa ni watu wa kujitolea. Huo ni ukarimu wa kweli, nami nausifu. Lakini mlango ulio wazi Brussels humfaa kwanza yule anayeweza kufika Brussels.

Watu wa Debian wamejaribu njia nyingine. Mkutano wao mkuu, DebConf, huhama kila mwaka: umepita Managua, Prizren, Kochi, Busan. Umeweka pia msaada wa nauli, malazi na chakula kwa wasiojiweza. Hata hivyo, katika safari hizo zote hadi mwaka 2025, bara letu lilifikiwa mara moja tu, huko Cape Town mwaka 2016.

Kwa nini basi wakutane, ikiwa kazi yote yaweza kufanywa kwa intaneti? Kuna jambo ambalo barua haiwezi kulitimiza, nalo ni kuaminiana. Wanachama wa Debian wakionana ana kwa ana huonyeshana vitambulisho, kisha kila mmoja huthibitisha ule ufunguo wa kompyuta ambao mwenzake hutumia kutia sahihi kazi yake. Kwa miaka mingi, anayetaka kupokelewa kama mwanachama kamili amehitaji ufunguo wake uthibitishwe na mtu aliye tayari ndani. Fikirini basi juu ya kijana anayeishi katika mji usio na mwanachama hata mmoja. Anayekosa mkutano hakosi hotuba peke yake, hukosa kujulikana.

Hotuba, kwa upande wake, zaweza kurekodiwa, na mikutano yote miwili imezoea kufanya hivyo. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, DebConf iliyopangwa kufanyika Haifa ilihamia kwenye intaneti, na FOSDEM ilifanya vivyo hivyo mwaka 2021 na 2022. Kijana wetu alizitazama hotuba hizo baadaye, usiku, akinunua mega kidogo kidogo. Alijifunza mengi, na hakuna mtu aliyejua kwamba alikuwapo.

Mmarekani Harrison Owen aliandaa mkutano mkubwa mwaka 1983 kwa kazi ya mwaka mzima. Mwishoni ikaonekana kwamba sehemu iliyowafaa watu zaidi ilikuwa mapumziko ya kahawa. Akakumbuka sikukuu aliyoishuhudia katika kijiji kimoja cha Liberia, ambako mambo yalikwenda vizuri pasipo kamati. Toka hapo alianzisha namna ya kukutana ambayo waliofika ndio wanaopanga, asubuhi ya kwanza, mambo ya kuzungumza. Leo baadhi ya mikutano ya watengenezaji programu hutenga nafasi kwa ajili ya mazungumzo ya namna hiyo. Nadhani wangefaa kusonga mbele zaidi. Hotuba zitumwe mapema, watu wazisome au wazisikilize kwao. Siku za kuonana zitumiwe kwa yale yasiyowezekana kwa mbali. Na kabla ya kuchagua mji, waandaaji waulize: tukikutana hapa, ni nani hataweza kuja?

Nilipofika hapo katika mawazo yangu nilijisikia mwenye hekima. Kisha nikakumbuka semina yetu ya makatekista, ambayo mimi mwenyewe niliipanga.

Nilisomea ualimu, najua tangu ujana wangu kwamba mwanafunzi asiyepewa nafasi ya kuuliza hajifunzi. Hata hivyo niliweka meza kuu yenye kitambaa cheupe, viti vya heshima, na safu za mabenchi zikitazama mbele. Siku tatu tulisikiliza hotuba, na saa ya maswali ilimezwa kila siku na hotuba iliyozidi muda wake. Katekista mmoja mzee alikuwa amesafiri siku mbili kwa baiskeli. Wakati wa kuagana alinishika mkono, akaniambia kwa upole, “Mwalimu, nilikuja na swali moja. Ninarudi nalo.” Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Sasa najua haukuwa mzaha, na naona haya.

Mtume Paulo aliwaonya Wakorinto juu ya jambo lililo karibu na hili. Walikutana kwa ajili ya meza ya Bwana, lakini wenye navyo walitangulia kula, na wasio na kitu wakabaki na njaa na aibu. Mtume hakuwaambia waache kukutana. Aliwataka wangojane. Naamini neno hilo latosha kupima kila mkutano, wa kompyuta au wa parokia: je, tumemngoja nani?

Kanisa lenyewe linajifunza. Oktoba 2023, katika Sinodi kule Vatikani, maaskofu, mapadri, watawa na walei, wanawake kwa wanaume, waliketi kwenye meza za duara. Kila mmoja alipewa zamu ya kusema, na kimya cha sala kikawekwa kati ya maneno. Na sisi Wakongomani hatuna sababu ya kushangaa, kwa maana maaskofu wetu walichagua njia ya jumuiya ndogo tangu mwaka 1961. Katika shirika, mwenye swali harudi nalo nyumbani pasipo kusikilizwa.

Mwezi uliopita kijana wetu aliomba ukumbi wa parokia kwa Jumamosi moja. Walikuja vijana tisa, na kompyuta tatu na jenereta moja. Walitazama hotuba mbili zilizorekodiwa, kisha wakasahihisha pamoja kosa dogo katika programu, wakalituma. Sijui kama hilo litafuta uchungu wa ile viza. Haki ya kualikwa na kufika bado anaidai, na anaidai kwa haki. Mimi nilipanga mabenchi, na safari hii niliyapanga duara. Semina ijayo ya makatekista itaanza na maswali, na la kwanza litakuwa la yule mzee. Nimekwisha kumtumia ujumbe na nauli.

Kwa tafakari ya kikundi: Katika mikutano yetu, ni nani husema daima, na ni nani hurudi na swali lake? Ni nani hakuja, na je, tumemuuliza sababu? Ni jambo gani moja tutalibadilisha kabla ya mkutano ujao?