CHURURU SI NDO! NDO! NDO!

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza: usipoziba gata utabeba mtungi. Mpenzi msomaji, usicheke. Mwalimu wetu wa Kiswahili hutuhimiza tuiite mlizamu, na ni neno tamu, lakini ukimwambia fundi wa jua kali pale Mweiga akukunjie mlizamu atakutazama kama mtu aliyepotea njia. Kwetu ni gata tu.

Sisi twaishi Kieni, kati ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Watu wa mbali wakisikia Nyeri hudhani kote ni majani chai na mito. Lakini wapi! Wenzetu wa Othaya na Tetu hunyeshewa wakachoka, ilhali sisi milima hutuzibia mvua. Tunangoja ya njahi, Machi hadi Mei, na ya mwere, Oktoba hadi Desemba. Tena si kila mwaka hutimiza ahadi. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ilifuatana mvua ikiwa haba katika sehemu nyingi kame za Kenya. Nilikuwa shule ya msingi wakati huo. Mama nami tulikuwa mtoni kabla ya jogoo kuwika mara ya pili.

Basi nyumbani tuna paa la mabati na tangi, lakini gata ilikuwa inavuja mahali patatu. Mvua ikinyesha, maji yaliishia chini, ndo, ndo, ndo, yakichimba ukuta wa jikoni hadi udongo ukaanza kubanduka. Mama alikuwa akisema, "Tungoje kwanza karo iishe." Na karo, kama ujuavyo, haiishi.

Februari mwaka huu fundi mmoja alipita akatazama. "Natia risasi kwenye viungo, kwisha," alisema. Hapo nikakumbuka somo la Kemia. Risasi ni madini yenye sumu, na sumu hiyo hudhuru ubongo wa mtoto. Ndugu yetu wa mwisho ana miaka mitatu na maji ya tangi ndiyo anayokunywa. Nikamwuliza kwa heshima, "Mzee, hiyo risasi haitaingia kwenye maji?" Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kama ni ya kunywa, nunueni silikoni ya matangi. Na hiyo, binti yangu, hamnihitaji mimi." Alikuwa mtu mwaminifu, maana alijikosesha kazi.

Baba hufanya kazi mbali, huja mwisho wa mwezi. Jumamosi iliyofuata nikaegemeza ngazi, mama akaishika. Jirani mmoja mzee akasimama kwenye ua. "Msichana juu ya ngazi? Kwani hapa hakuna wanaume?"

Kabla mama hajajibu, nyanya yangu, ambaye sote twamwita cucu, akasema kutoka kivulini: "Muache. Hayo mabati ni sisi tuliyaweka. Nyinyi mliyakuta juu."

Na ni kweli tupu. Katika miaka ya 1960 na 1970 akina mama wengi wa Mkoa wa Kati walijiunga katika vikundi vya mabati. Walilima mashamba ya watu kwa ujira, wakachanga senti, wakaezeka nyumba ya mwanachama mmoja, kisha ya mwingine, mpaka nyasi zikaondoka. Cucu alikuwa mke kijana alipojiunga. Anasema mabati hayakuwa fahari tu, kwani paa la nyasi halikupi maji safi ya kunywa.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza nilizoa majani ya mukima na matope, maana hayo hukaa na unyevu na kuleta kutu. Pili nilifunga uzi toka mwisho hadi mwisho. Nikaona gata imebonyea katikati, pale kishikio kilipong'oka kwenye ubao. Tukakipigilia upya, mwinuko ukawa sentimita 4 kwa urefu wa mita 8 kuelekea tangini. Tatu nilisugua kutu kwa brashi ya waya, nikafuta, nikaacha jua likaushe, kwani silikoni haishiki penye maji. Kwenye tundu kubwa niliweka kipande cha bati upande wa ndani, kimezungukwa na silikoni. Kisha tukaiacha siku nzima bila kuigusa.

Mvua ya njahi ilipofika, tuliacha ile ya kwanza ioshe paa, ndipo tukaelekeza maji tangini. Hebu tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Upande wetu wenye gata una mita 20 za mraba. Mvua ya milimita 20 ni lita 400, yaani mitungi 20, ukiacha kidogo kinachoruka. Mitungi hiyo yote haikupita mgongoni mwa mama.

Ukuta wa jikoni tumeukandika, nao umekauka. Saa niliyokuwa nikienda mtoni asubuhi sasa nasoma, na sisi wa shule za kutwa twajua saa moja ni mali.

Wanachama wenzangu, mkifika nyumbani inueni macho. Msingoje mvua, wala msingoje kaka arudi. Methali yasema chururu si ndo! ndo! ndo! Kinachotiririka mfululizo hujaza chombo kuliko kinachodondoka. Lakini chururu hiyo iwe inaingia tangini.