Omena ya Mama

Mama yangu alikuwa akiuza omena sokoni Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Nilimtungia programu ya kujumlisha uzito. Siku ya kwanza nilijumlisha kilo 0.1 na 0.2, kompyuta ikaandika 0.30000000000000004. Mama akashtuka: "Mwanangu, mteja akiziona tarakimu hizi ataniita mwizi." Niliona haya, maana kosa lilikuwa langu, si la mashine. Kompyuta huhesabu kwa 0 na 1 tu. Kwa hesabu hiyo sehemu ya kumi haina mwisho, kama theluthi ilivyo katika desimali zetu. Nikaiamuru iandike tarakimu mbili tu baada ya nukta, lakini hesabu iliyomo ndani sikuikata. Kumbuka basi: kuhesabu ni kazi moja, na kumwandikia mtu akaelewa ni nyingine.