Mkate wa chungu: jikoni kwa wamama wa Ayalandi

Juma hili tunatembea mbali, mpaka Ayalandi, kisiwa cha mvua na majani mabichi, magharibi ya Uingereza. Hatuendi kutazama majumba. Tunaingia moja kwa moja jikoni.

Ngano ya kule ni laini. Unga wake hauvutiki vizuri, na ukitia levire mkate hauinuki sawasawa. Tena nyumba nyingi za mashambani hazikuwa na tanuru. Bikarbonati ilipoenea kwao, kuanzia miaka ya 1830, iliwafaa sana. Mwenye ng'ombe alisukasuka maziwa kupata siagi, na maziwa machachu yaliyobaki hakuyamwaga. Uchachu ukikutana na bikarbonati, hewa inazaliwa na mkate unainuka papo hapo.

Waliuoka ndani ya chungu cha chuma, wakapanga makaa ya moto juu ya kifuniko. Makaa yale yalitoka katika udongo mweusi wa mabwawa, uliokatwa vipande na kukaushwa. Sisi tunaopika gato kwenye mbabula, moto chini na moto juu, kazi hiyo tunaijua.

Tusiudharau mkate wa vitu vinne. Kuanzia 1845 viazi, chakula cha maskini, vilioza mashambani miaka kwa miaka. Watu karibu milioni moja walikufa, wengine kama hao wakapanda meli kuhama, na huku nafaka ya nchi yao ilizidi kupelekwa nje kuuzwa. Watu waliopita hapo wanajua thamani ya unga.

Namna ya kuoka: gramu 450 za unga wa ngano, kijiko kidogo cha chumvi, kijiko kidogo cha bikarbonati, mililita 400 hivi za mashanza. Chekecha vitu vikavu pamoja, bikarbonati isibaki na mabonge machungu. Mimina mashanza, changanya kwa mkono mwepesi. Usikande, maana utakuwa mgumu. Fanya duara, kata msalaba juu yake kwa kisu. Wengine kule wanasema ni baraka, wengine eti ni mlango wa pepo wadogo kutoka. Kazi yake ya kweli ni kusaidia moto ufike katikati. Oka mara moja, dakika 40 hivi. Gonga chini yake: ukilia kama ngoma, umeiva.

Upande wa kaskazini wanakata duara vipande vinne, wanavichoma juu ya bamba la chuma, huku na huku. Asiye na chungu kizito ajaribu hivyo.

Kule wanaufunga kwa kitambaa safi ili ganda lilainike, wanaukata vipande vinene, siagi juu na chai ya moto kando. Uliwe siku ileile. Kesho yake unakauka.

Mwenye watoto wa shule ahesabu hivi: makaa yakiwa tayari saa kumi na moja alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili mkate uko mezani, na hakuna aliyetumwa butiki.