Shali ya Milia na Vitanzi Thelathini

Ndugu mwanachuo, yamkini utashangaa kukuta habari za ufumaji katika kurasa ambazo aghalabu hushughulika na andalio la somo na zana za kufundishia. Nakuomba uvumilivu. Ninalo deni la kulipa katika jarida hili, na shali ndiyo iliyonikumbusha deni hilo.

Tangu mwaka 2021 nafuma vazi ambalo hata leo halijaisha. Ni vazi fupi la mabegani, lenye mikono miwili mirefu inayoungana mgongoni, wazi mbele, lisilo na kola wala vifungo. Mimi naliita shali ya mikono. Kwetu Njombe, ambako mwezi wa Juni na Julai baridi hupenya hadi mifupani, vazi la namna hiyo humfaa sana mtu asahihishaye madaftari usiku, kwa sababu halina ncha za kuburuza juu ya wino.

Ukitazama umbo lake utadhani ni kazi ya fundi mkubwa, kumbe ni mstatili tu. Unafuma kitambaa chenye urefu wa sentimeta 130 na upana wa sentimeta 45, unakikunja kwa urefu wake, kisha unashona sentimeta 40 kila upande ziwe mikono. Sentimeta 50 za katikati unaziacha zikumbatie mgongo. Kabla ya kuanza nilifuma kipande kidogo cha majaribio, nikapima: vitanzi 22 vilijaza sentimeta 10 kwa upana, na safu 28 zilijaza sentimeta 10 kwa urefu. Hesabu iliyobaki mwanafunzi wa Darasa la Sita aweza kuifanya: vitanzi 99, safu 364, jumla vitanzi 36,036. Nilipoipata jumla hiyo nilicheka peke yangu, nikaweka sindano chini, nikaenda kulala.

Uzi wangu sikuununua dukani. Hununua masweta ya mitumba yaliyochakaa viwiko, nikayafumua. Uzi uliofumuliwa hutoka umejikunjakunja kama nywele zilizosukuliwa, basi huufunga mafungu, nikauosha, nikautundika uani ukiwa na jiwe dogo chini yake mpaka unyooke. Ndiyo maana shali yangu ina milia: hakuna sweta moja litoshalo vazi zima. Kuna mlia wa rangi ya damu ya mzee, wa samawati, wa chungwa, wa kijani kibichi, na mmoja wa hudhurungi ambao siupendi lakini uzi wake ulikuwa mwingi. Kila mlia una safu za shufwa, yaani mbili, nne, sita au nane, kwa kuwa uzi wa rangi husubiri ukingoni upande mmoja, nawe huna budi kurudi upande huohuo ili uukute. Mpe mwanafunzi swali hilo bila kumweleza sababu. Atalipata jibu mwenyewe akifika safu ya tatu.

Wenzangu huniuliza kwa nini siimalizi. Jibu langu ni kwamba sina haraka. Kazi ya ualimu, ndugu yangu, haina mahali pa kukaa bila kudaiwa. Azimio la kazi linadai, madaftari yanadai, mzazi anadai, na mtoto asiyesoma anadai kuliko wote, hata kama hasemi. Lakini kufuma safu mbili za wazi usiku hakunidai chochote. Mikono huhesabu, akili hukaa pembeni kama mtu aliyeketi barazani akitazama wapita njia. Nikikosea, hufumua, na uzi unabaki kuwa uzi. Mara nyingi nimeketi na hasira ya mchana kifuani, nami sikuweza kusema ni katika mlia gani iliondoka.

Mwaka 2022, mwaka niliostaafu, sindano yangu moja ilivunjika. Zilikuwa sindano za unene wa milimeta 4. Kwa kutotaka kukatiza jioni yangu nilichukua jozi nyingine ya milimeta 3, nikaendelea na mlia wa samawati. Baada ya siku kadhaa niliitandaza shali kitandani, nikaona imebanwa katikati kama kiuno cha nyigu. Nilidhani nimeangusha vitanzi. Nikahesabu: 99. Nikahesabu tena, nikamwita mjukuu wangu ahesabu. "Bibi, ni tisini na tisa." Upana ulikuwa sentimeta 39. Vitanzi havikupungua hata kimoja. Sindano nyembamba ilikuwa imevifanya vidogo.

Hapo ndipo nilipomkumbuka binti mmoja.

Mwaka 1984 nilikuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya msingi kijijini. Kazi za mikono zilikuwa na heshima yake. Wakufunzi wetu walitulea katika Elimu ya Kujitegemea, aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwaka 1967, na mtoto kujifumia skafu yake kulihesabiwa kuwa somo kamili. Andalio langu lilikuwa safi: kila mwanafunzi aanze na vitanzi 30, afume safu 20, alete kazi mbele. Mfano nilioutundika ubaoni niliufuma kwa sindano za dukani, upana wake sentimeta 14 kasoro kidogo. Wanafunzi wengi walikuwa na vijiti vya mianzi walivyochongewa nyumbani, vinene kama sindano zangu. Binti huyo wa dawati la nyuma alikuwa na spoku mbili za baiskeli, zilizosuguliwa ncha juu ya jiwe. Spoku ina unene wa milimeta 2 hivi.

Alileta kipande chenye upana wa sentimeta 10.

"Umeanza na vitanzi vingapi?"

"Thelathini, Mwalimu."

"Usinidanganye."

"Ni thelathini, Mwalimu."

Sikuhesabu. Vitanzi vilikuwa mbele yangu, vimepangana juu ya spoku, na kuvihesabu kungenichukua nusu dakika. Niliichomoa spoku, nikavuta uzi mbele ya darasa zima mpaka mwisho, nikamrudishia mkononi. Kipindi kilichofuata alileta kipande chenye upana sawasawa na mfano wangu, nami nikamwandikia "Vyema sana".

Nilipokuwa mkufunzi nilikisimulia kisa hicho mwaka baada ya mwaka. Nilikitumia kuonyesha jinsi mwalimu thabiti anavyomrekebisha mwanafunzi mkwepaji bila kiboko. Wanachuo waliandika katika madaftari yao, na wapo walimu walio kazini leo waliokisikia kinywani mwangu. Yawezekana hata wewe umesimuliwa nao.

Kwa hiyo nakirekebisha hapa. Kwa uzi ule na spoku zile, upana wa sentimeta 14 unahitaji vitanzi 40 hivi. Mara ya kwanza binti alifuata agizo langu barabara, nikamwita mwongo. Mara ya pili alilivunja agizo ili apate kitambaa nilichokitaka, nikamsifu. Aligundua peke yake, bila mwalimu, uhusiano wa unene wa sindano na upana wa kitambaa, jambo ambalo mimi nilihitaji miaka 38 na sindano iliyovunjika kuliona. Andalio langu lilitaja uzi, vitanzi na safu. Sindano halikuzitaja, kwa sababu mimi nilikuwa nazo.

Sijui yuko wapi sasa. Jina lake silikumbuki, na hilo nalo ni sehemu ya deni.

Mlia ule mwembamba wa samawati niliufikiria sana. Mjukuu alishauri niufumue, maana ni kazi ya jioni nne tu. Sikuufumua. Nilinunua sindano nyingine za milimeta 4, nikaendelea kutoka pale, na upana ukarudi. Nikiijaribu shali mwilini huhisi inabana kidogo juu ya bega la kulia.

Jana nilimaliza safu ya 212. Mlia unaofuata utakuwa wa manjano, lakini uzi wake bado uko uani, umetundikwa na jiwe lake, na kwa ukungu huu hautakauka kabla ya Jumapili.