Ngurumo Chini ya Fidla

Sauti mbaya ifikapo sikioni haisemi imetoka wapi. Sikio hupokea kilichofika, wala halipewi habari za njia kilichopitia. Kwa hiyo wanadamu, ambao ni wepesi wa kuhukumu na wazito wa kuchunguza, aghalabu humtia hatiani aliye karibu. Mwalimu mmoja mstaafu wa Tanga alifanya hivyo, na kisa chake chastahili kuelezwa, maana mna ndani yake elimu ya mashine na elimu ya nafsi.

Mwalimu huyo alikuwa na gramafoni ya umeme iliyoundwa Ulaya katika miaka ya 1960, ya namna ile ambayo sahani yake huzungushwa na gurudumu dogo la mpira: mota hulisukuma gurudumu, nalo gurudumu husukuma ukingo wa ndani wa sahani. Kwa miaka mingi alipigia santuri kuukuu za mizunguko 78 kwa dakika, zikiwamo za Siti binti Saad, aliyeanza kutiwa sauti katika santuri huko Bombay mwaka 1928. Santuri za namna hiyo huchakarisha kama mafuta yanayokaanga, na mchakarisho huo hufunika aibu nyingi za mashine.

Kaka yake, mpiga fidla wa taarabu, alipofariki dunia, mjane alimletea santuri moja ya mizunguko 33 na theluthi ambayo marehemu alishiriki kuipiga. Nakala ya pili haikuwako katika ukoo mzima. Mwalimu alipoiweka, alisikia chini ya fidla ngurumo nzito, kama lori linalopita barabara ya mbali bila kumaliza kupita.

“Shemeji,” alisema, “santuri hii umeiua. Bila shaka uliiegemeza juani.”

“Haikutoka kabatini hata siku moja, shemeji,” mjane alijibu. Akajitanda kanga yake akaenda zake. Miezi saba ilipita asikanyage tena ukumbi ule.

Aliyemfumbua macho mwalimu ni mjukuu wake, binti wa sekondari. Aliuliza, “Babu, tulijuaje kuwa kosa ni la santuri?” Mzee aliyefundisha hesabu miaka 30 hakuwa na jibu. Siku ile ile uchunguzi ukaanza.

Kwanza waliiweka sindano juu ya santuri iliyosimama, mota ikiwa imezimwa, wakaongeza sauti kidogo kidogo. Lau kungalikuwa na mvumo, kosa lingalikuwa la nyaya au la kikuza sauti. Kulikuwa kimya. Pili walitwaa santuri mpya ya kuazima, wakasikiliza mfuo mtupu ulio kati ya wimbo na wimbo. Ngurumo ilikuwapo ile ile. Hapo mzee aliinamisha kichwa, kwa kuwa mashtaka aliyomtupia mjane yalikuwa yameanguka.

Lakini kujua asiye na kosa si kumjua mwenye kosa. Sahani ikiwa katika mwendo, walizima mota na kulitenga gurudumu, sahani ikajizungukia yenyewe kwa nguvu iliyosalia. Ngurumo ingalikufa papo hapo, lawama ingalikuwa ya mota au gurudumu. Ingalidumu, lawama ingalikuwa ya mhimili wa sahani. Sehemu kubwa ilikufa, na mnong’ono mdogo ukabaki. Basi makosa yalikuwa mawili.

Tena palikuwa na kishindo kilichorudi kwa zamu. Sahani ya mizunguko 33 na theluthi hutumia sekunde 1.8 kumaliza mzunguko mmoja. Kosa la santuri lingalirudi kwa kipimo hicho. Binti alitia alama ya chaki ukingoni, akahesabu: kishindo kilirudi mara tano hata sita kabla ya alama kurudi. Chombo kinachozunguka mara nyingi kiasi hicho ni gurudumu. Walipolitoa waliona katika mpira wake kibonyeo chembamba. Mpira hubonyea hivyo ukiachwa miaka umebanwa juu ya mhimili wa mota uliosimama. Na mwalimu alikuwa na desturi ya kuchomoa waya ukutani huku mtambo wake umeachwa katika hali ya kwenda. Mkosaji alikuwa yeye.

Matengenezo hayakuwa makubwa. Mhimili wa sahani ulichomolewa, mafuta yaliyogeuka gundi yakafutwa, gololi ya chini ikasafishwa na kutiwa matone ya mafuta mepesi. Vipira vinavyobeba mota, ambavyo vilikuwa vigumu kama mfupa, vilibadilishwa, kwa sababu kazi yao ni kuyazuia matetemeko yasipande hata kwenye sindano. Gurudumu lilipelekwa kwa fundi mkereza likachongwa mpaka likawa duara kamili, kisha likafutwa kwa spiriti, kwa kuwa mafuta na mpira havipatani.

Ngurumo ilipungua mpaka ikawa ya kutafutwa. Hata hivyo katika santuri ya marehemu kishindo kimoja kizito kilikataa kuondoka. Mwalimu alikwisha kushika bisibisi kulitoa gurudumu mara ya pili. Akajizuia, akamwendea shemeji yake kwanza. Alimwomba radhi mlangoni, amesimama, kabla ya kukaribishwa kiti.

Jioni ile mjane aliketi tena ukumbini. Fidla ilianza, na kishindo kikaanza pamoja nayo.

“Hicho ndicho kilichonishinda,” alisema mwalimu. “Hakifuati gurudumu wala sahani.”

Mjane aliinua mkono kumnyamazisha. “Huo ni mguu wake,” alisema. “Hakuweza kupiga bila kukanyaga sakafu. Nyumbani alinitoboa zulia.”

Mwalimu alisikiliza upya. Kishindo kilifuata mapigo ya wimbo, kikaharakisha ulipoharakisha, kikanyamaza pale fidla iliposubiri wenziwe. Aliirudisha bisibisi ndani ya kisanduku, na wimbo ulipokwisha aliurudisha mtambo mahali pa kusimama, gurudumu likaachana na mhimili, ndipo akachomoa waya ukutani.