Sala ya Kulala, Ukunda

Ukivuka feri ya Likoni na kupanda matatu hadi Ukunda, utadhani usiku wa huko ni wa ngoma za mahoteli ya Diani tu. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka nilipolala kwa dada yangu, mtoto wa shangazi, anayetandika vitanda katika hoteli moja ya ufukweni.

Adhana ya Isha ilikuwa imekwisha. Kwale ni nchi ya Wadigo, na wengi wao ni Waislamu. Wakatoliki, walio chini ya Jimbo Kuu la Mombasa, ni wachache, na wengi walifuata kazi kutoka bara. Watoto walipiga magoti mkekani, wakashukuru, kisha wakanyamaza.

Kimya hicho ndicho kilichonigusa. Ndipo kila mmoja huchunguza dhamiri, akiipitia siku yake tangu alfajiri, kabla ya sala ya kutubu. Watawa nao hufanya hivyo katika sala yao ya mwisho, kisha husali wimbo wa mzee Simeoni, aliyekuwa tayari kwenda zake kwa amani. (Watoto hatuwaambii kwamba ni maneno ya mtu anayeaga dunia.)

Mama yao alichelewa kusema Amina. Baadaye, watoto wamelala, alinifungulia pindo la leso. Mgeni alikuwa amesahau noti chini ya mto.

"Kaka, kila nikiipitia siku, naikuta pale pale."

Alfajiri hakungoja chai wala matatu. Alishika njia ya Diani kwa miguu, leso mkononi.