Mpime Dume Kwanza

Wengi wanaoniletea mbwa jike kabla ya kumpandisha huja wamechelewa. Damu imeshaanza kutoka, dume ameshapatikana, pengine hata wateja wa watoto wameshalipa kianzio, ndipo mwenye mbwa anauliza: "Daktari, kuna kipimo chochote?" Kipo, ila kilitakiwa kifanyike miezi miwili au mitatu nyuma. Jike hushika joto takriban mara mbili kwa mwaka, na tangu damu ya kwanza hadi siku anapomkubali dume ni kama siku 9. Katika muda huo naweza kumtoa damu nikapima mara moja. Kwa ugonjwa ninaouhofia kuliko yote, mara moja haitoshi.

Ugonjwa wenyewe ni brusela ya mbwa. Bakteria wake, Brucella canis, alitambuliwa Marekani mwaka 1966 na Leland Carmichael wa Chuo Kikuu cha Cornell, katika uchunguzi wa mbwa aina ya Beagle waliokuwa wakitupa mimba. Jike aliyeambukizwa hubeba vizuri, tumbo likakua, mwenye mbwa akaanza kutengeneza boksi la kuzalia, kisha mimba ikatoka baada ya siku ya 45, wakati mimba kamili ni siku 63 hivi. Huendelea kutokwa na uchafu ukeni kwa wiki kadhaa, na uchafu huo umejaa vimelea. Cha ajabu, mbwa mwenyewe haonekani mgonjwa. Anakula, anabweka, analinda geti. Dume naye huweza kuvimba korodani, au moja ikasinyaa, au asioneshe chochote akaendelea kupanda majike mtaa hadi mtaa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wafugaji wengi. Wao humtilia shaka jike, kwa sababu ndiye anayetupa mimba na ndiye anayetia hasara mbele ya macho. Lakini jike mmoja atapandishwa mara chache katika maisha yake. Dume mwenye jina, yule German Shepherd ambaye picha zake zinazunguka kwenye simu za watu, anaweza kufanya kazi hiyo mwaka mzima. Vimelea hukaa katika manii yake na katika mkojo wake. Nikiambiwa nina fedha ya kumpima mbwa mmoja tu, nitampima yeye.

Tatizo ni kwamba mwenye dume haombwi kipimo, anaombwa nafasi. Yeye ndiye anayepanga bei, na mara nyingi huchukua mtoto mmoja wa kuchagua mwenyewe kabla ya wengine wote. Niliwahi kumwomba mzee mmoja alete dume wake tumtoe damu. Akanijibu, "Daktari, mbwa huyu ana karatasi za ukoo hadi babu." Nikamwambia, "Mzee wangu, karatasi zinaonesha alikotoka, hazioneshi alichobeba." Hakunisemesha tena siku ile. Vijana wanaotaka kufunga ndoa siku hizi huenda kupima VVU wakarudi wakiendelea na vikao vya harusi, hakuna familia inayosusa. Kwa mbwa, neno lile lile linageuka tusi.

Kuna na wanaonijia wakiwa na uhakika: "Tulishampima, hana brusela." Nikiuliza kipimo gani, nakuta ni Rose Bengal, kile tunachotumia kwa ng'ombe na mbuzi. Kipimo hicho ni kizuri kwa kazi yake. Brusela ya mbwa, hata hivyo, ina ganda la nje tofauti na ile ya ng'ombe, kwa hiyo Rose Bengal haiwezi kuiona. Unapewa jibu la "hana" kwa swali ambalo halikuulizwa. Si kila maabara ina kipimo cha Brucella canis, hivyo piga simu uulize kabla ya kupeleka damu.

Kipimo sahihi cha haraka, cha matone kwenye kioo, kina tabia yake. Hushuku kupita kiasi: mbwa mzima anaweza kuonekana anao. Ndiyo maana jibu la "anao" halimhukumu mbwa hadi lithibitishwe kwa njia nyingine, kama kuotesha vimelea maabara au kutafuta vinasaba vyake. Kwa upande wa pili, kingamwili zinaweza kuchukua wiki 8 hadi 12 tangu maambukizi ndipo zionekane. Aliyeambukizwa mwezi uliopita anaweza kupita akiwa safi kabisa. Kwa hiyo mimi hupima, nasubiri wiki kadhaa mbwa akiwa amefungiwa asikutane na wengine, napima tena. Akithibitika, hapandishwi maisha yake yote. Chanjo hakuna, na dawa za antibiotiki hupunguza vimelea bila uhakika wa kuvimaliza, kwa sababu hujificha ndani ya seli.

Si kila uchunguzi unahitaji maabara. Uvimbe wa zinaa wa mbwa, ambao mitaani kwetu wenye mbwa wazururaji hauishi, unaonekana kwa macho ukijua pa kutazama. Ni saratani inayohama: seli zenyewe huachwa na mbwa mmoja kwa mwingine wakati wa kupandana, kunusana au kulambana. Kwa dume hujificha kwenye shina la uume, kwa hiyo lazima ngozi irudishwe nyuma kabisa. Kuchungulia ncha ni kujidanganya. Kwa jike hutoa matone ya damu, na mwenye mbwa hudhani ni joto refu lisiloisha. Sindano za vincristine, mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa, huwaponya wengi. Kupe nao wasisahauliwe, maana magonjwa ya damu wanayoleta ni vigumu kuyatibu jike akishabeba. Baadhi ya dawa za magonjwa hayo hazifai kwa mimba.

Nimeona watu wakizalisha mbwa kwa mikono mitupu, watoto wamezunguka boksi, wanafuta majimaji kwa kanga. Brusela ya mbwa huambukiza binadamu, na vipimo vya kawaida vya brusela hospitalini haviioni, kwa sababu ile ile ya Rose Bengal. Vaa glovu. Mimba iliyotupwa usiitupe jalalani na usimpe mbwa mwingine aile. Ifukie au ichome, pasafishe kwa dawa ya klorini, na mama mjamzito akae mbali.

Wewe mwenye jike, weka tarehe ya joto lijalo kwenye kalenda na uanze vipimo miezi mitatu kabla yake. Mwambie mwenye dume alete majibu yenye jina la kipimo na tarehe. Akikataa, tafuta dume mwingine.